Aibu Iliyoishia Ifunda

Dakika kumi na moja baada ya lori lake kumgonga Desideria Kalinga pale Ilula, Onesmo Mligo alikuwa amekwisha kunywa chai na kurudi kitini.

Hakuwa Ilula. Alikuwa Makambako, karibu kilomita mia mbili kutoka mahali mwanamke yule alipoanguka, ndani ya ukumbi mrefu wenye viti sitini. Kila kiti kilikuwa na usukani, pedeli mbili na vioo vitatu vinavyoonyesha barabara. Malori yenyewe yalipanda na kushuka kati ya Tunduma na bandarini bila mtu ndani, yamebeba shaba, mbolea na mafuta, na madereva wake walikaa Makambako wakiyaendesha kwa mbali, wakibadilishana zamu kama watu wa kiwandani.

Sekela Mwakyoma aliteremka ngazi kutoka ofisini kwake dakika chache baada ya taa ya kiti namba thelathini na nne kuwaka nyekundu. Yeye alikuwa mwanasaikolojia wa kampuni ya Pembenne. Aliajiriwa aangalie afya ya akili ya madereva na, kama mkataba wake ulivyosema kwenye mstari uleule, ufanisi wao kazini. Alipofika chini, taa ilikuwa imegeuka manjano. Alipomkaribia Onesmo, ikawa kijani. Onesmo alikuwa anapangusa makombo ya andazi magotini.

"Nimegonga mtu, Daktari," alisema. "Mwanamke. Nadhani amekufa palepale."

Alilisema hilo kama mtu anayekuarifu kwamba chai imepoa. Sekela akatazama kishikwambi chake. Mapigo ya moyo sabini na mawili kwa dakika, pumzi imetulia, viganja havina jasho. Akamwuliza kama angependa kwenda nyumbani kupumzika. Onesmo akajibu kwamba hana shida, kuna lori jingine linamsubiri Mafinga. Akavaa vipokea sauti vyake na kushika usukani.

Baadaye, katika yote yaliyotokea, hakuna kilichokuja kumwumbua Sekela mbele ya nafsi yake kama dakika ile. Maana kitu cha kwanza kilichomjia moyoni, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Onesmo, hakikuwa huruma kwa marehemu. Hakikuwa hata woga. Kilikuwa furaha. Imefanya kazi, alijiambia. Mshtuko mkubwa kuliko yote tuliyowahi kupima, na imefanya kazi.

*

Madereva walikiita dengu, kwa sababu kilikuwa na ukubwa huo, na kilikaa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia. Kwenye makaratasi ya kampuni kiliitwa Kitulizo. Dengu ilisikiliza moyo na pumzi za mtu mchana kutwa. Mtu akishtuka, ilingoja kidogo, kisha ikatuma mawimbi hafifu ya umeme kwenye ile sehemu ya ubongo inayoshona hisia na kumbukumbu pamoja, ikauzuia mshono usikaze. Tukio lilibaki. Mwenye dengu aliweza kukusimulia kila kitu: gari lilikuwa la rangi gani, mvua ilikuwa inanyesha au la, nani alisema nini. Kilichoondoka ni uchungu wake. Na kila wimbi la uchungu lililozuiwa, dengu iliweka umbo lake katika hifadhi yake ndogo, kwa ajili ya utafiti.

Sekela hakuibuni kwa nia mbaya. Alipofika Makambako miaka sita nyuma, alikuta ukumbi wa watu waliovunjika. Ukiendesha lori kwa mbali, unaona kila kitu na huwezi kushuka kusaidia. Dereva mmoja mwanamke, Tumsifu, aliona basi likiungua kwenye mteremko wa Kitonga, akaishia kupiga honi tu kwa sababu hakuwa na mikono huko. Siku ile alijifungia chooni mpaka zamu mbili zikapita. Wengine walikuwa hawalali. Wengine walikuwa wanapiga watoto wao bila kujua kwa nini. Sekela alianza na njia alizofundishwa chuoni: vikao vya kuzungumza, mazoezi ya kupumua, mapumziko mafupi katikati ya zamu, bustani ya kukaa nyuma ya jengo. Zilisaidia, ila kidogo na polepole. Bi Mshangama, meneja mkuu, hakuwa mtu wa polepole.

Kisha ikaja dengu. Ndani ya mwaka mmoja waliokuwa wakiumwa kila Jumatatu wakaacha kuumwa. Wake wakaleta maandazi ofisini kwa Sekela kumshukuru kwa kuwarudishia waume zao. Tumsifu alipata usingizi, akapata na mchumba. Sekela akaalikwa kuzungumza kwenye mikutano, akapigwa picha ameshika ngao. Ili kuwatia moyo wenye wasiwasi, yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuwekewa dengu, mbele ya ukumbi wote, akicheka.

*

Mazishi ya Desideria Kalinga yalifanyika siku ya tatu. Kampuni iliona vyema dereva mwenyewe aende, na Sekela amsindikize. Walibeba mchele, sukari na barua ya rambirambi yenye sahihi ya Bi Mshangama.

Ilula ilikuwa imefunga maturubai kando ya shamba la nyanya. Marehemu alikuwa na kibanda chake cha kuuzia nyanya kwenye ukingo wa barabara, na siku ile alikuwa anavuka kupeleka ndoo upande wa pili. Sekela na Onesmo walisalimia kwa Kihehe kadiri walivyojua, kamwene kwa huyu na kamwene kwa yule, wakaonyeshwa pa kukaa. Mume wa marehemu, Mzee Kalinga, aliwapa mkono.

Onesmo alipopewa nafasi alisimama, akasema pole vizuri kabisa. Alitaja jina la marehemu kwa usahihi, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akasema anasikitika. Hakukuwa na neno la kumlaumu. Lakini sauti yake ilikuwa nyororo, uso wake mkunjufu, na watu walimtazama, wakatazamana, wakatazama chini. Chakula kilipoletwa alikula kwa hamu. Akaomba aongezewe mboga, akamsifu mama aliyempakulia kwa mapishi yake.

Sekela aliacha sahani yake kama ilivyowekwa. Skolastika, binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Ilula, alikuja akachutama karibu na kiti chake. Alikuwa amefunga kanga kichwani na macho yake yamevimba.

"Dada, kweli yule ndiye aliyemgonga mama?"

Sekela akasema ndiye.

"Anaonekana amelala vizuri," Skolastika akasema, akainuka na kwenda zake.

Hakukuwa na hasira katika maneno yale, na ndiyo maana yalimwingia. Sekela alihisi damu ikimpanda usoni hadi masikioni. Alitamani turubai limwangukie. Alimshika Onesmo mkono, wakaaga haraka, wakaingia garini, na njiani alikuwa akijiambia kwamba kesho, si keshokutwa, ataingia kwa Bi Mshangama amwambie kuna jambo haliko sawa. Walipita Iringa mjini akiwa bado anayapanga maneno. Karibu na Ifunda alianza kuona kwamba huenda yule binti alikuwa amechoka tu. Walipoipita Ifunda aibu ilikuwa imekwisha. Aliyakumbuka maneno ya Skolastika yote, neno kwa neno, na hayakuwa na uzito kuliko tangazo la redio. Akafungua dirisha, akanunua mahindi ya kuchoma, akamgawia Onesmo nusu.

*

Wiki ya nne Onesmo alibisha mlango wa ofisi ya Sekela, kisha akakaa bila kukaribishwa. Sekela aliangalia vipimo vyake kwa mazoea: kila kitu kijani. Kwa vipimo vile hakukuwa na mtu mwenye afya kuliko yeye katika jengo lote.

Alisema mkewe, Jeni, amehamia kwa dada yake na mtoto. Hawakugombana. Jeni alimwuliza usiku ule wa ajali ilikuwaje, naye akamsimulia yote huku anakula, na alipomaliza Jeni akamchukua mtoto kutoka mapajani mwake. Tangu siku hiyo hakutaka amshike.

"Ananiogopa," Onesmo alisema. "Na mimi ningekuwa yeye ningeniogopa. Najua nilichofanya, Daktari, kama ninavyojua kwamba maji yanachemka kwa moto. Najua tu. Nataka unirudishie."

Sekela akamwuliza arudishiwe nini.

"Kile mlichonitolea. Ni changu."

Alianza kumweleza kwa sauti yake ya ofisini, ile ya upole, kwamba maumivu hayamsaidii marehemu, kwamba mwili wake ulikuwa umekingwa na jeraha ambalo lingemtesa miaka. Onesmo alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaleta jambo jingine, kama mtu aliyelikumbuka njiani. Pale Ilula, pale pale, alikuwa amekwisha kumkosakosa mtu mara mbili kabla. Mara ya kwanza mzee na baiskeli, mara ya pili watoto wa shule. Zamani, alipokuwa dereva wa lori la kweli, mahali alipokosakosa mtu mwili wake haukupasahau. Akifika pale mguu wenyewe ulikuwa unaachia mafuta kabla hajafikiri. Safari hii alifika Ilula, akakumbuka baiskeli, akakumbuka watoto, na mguu haukufanya kitu.

"Nilipita kama napita mahali pengine popote," alisema. "Hilo linawezekana?"

Sekela akamjibu kwamba atalichunguza. Onesmo akashukuru, akaondoka.

Hakuwa na haja ya kulichunguza. Miezi minane kabla ya ajali, akiandaa ripoti ya mwaka, Sekela alikuwa amechora grafu moja kwa udadisi wake tu. Alichukua mahali pote ambapo madereva walikosakosa kuua, akapima mwendo wao waliporudi kupita hapo. Madereva wa zamani, kabla ya dengu, walipunguza. Wenye dengu hawakupunguza. Mistari miwili ilikuwa imeachana wazi kama njia panda, na katika orodha ya mahali penye hatari zaidi, Ilula ilikuwa ya tatu. Woga aliokuwa akiwatoa watu ndio uliokuwa ukiwafundisha.

Aliipeleka grafu kwa Bi Mshangama. Bi Mshangama aliuliza swali moja tu, kama ana uhakika. Sekela akasema uhakika kamili hana, miezi ilikuwa michache. Basi, akaambiwa, tusiwatishe watu kwa jambo lisilo na uhakika. Ripoti ikatoka bila grafu ile. Alikumbuka jinsi alivyorudi ofisini siku ile na kusimama mbele ya dirisha akijiona mwoga, mtu mdogo sana, na jinsi baada ya nusu saa alivyojikuta anamwagilia maua. Alidhani amejituliza mwenyewe, kwa ukomavu. Leo alihesabu dakika na akajua ni nani aliyemtuliza.

Hata sasa, akiwa ameketi na ukweli huo mapajani, alihisi umeanza kuwa mwepesi. Akainuka upesi kabla haujaisha, akaenda zahanati ya kampuni, akamwambia muuguzi amtoe dengu sasa hivi. Muuguzi alitaka kibali. Sekela alimwambia kibali cha kutoa dengu huwa anatia sahihi yeye, akakiandika pale pale.

*

Kwa siku mbili hakukuwa na kitu zaidi ya kidonda kidogo nyuma ya sikio. Siku ya tatu alikuwa foleni dukani anunue sabuni, na mwanamke aliyemtangulia alikuwa ameshika ndoo. Sekela aliacha sabuni juu ya kaunta akatoka nje.

Aibu haikuja kama alivyoisoma vitabuni. Ilikuja mwilini. Alikuwa anapiga mswaki akakumbuka furaha yake nyuma ya kiti cha Onesmo, akalazimika kushika sinki. Alikumbuka mahindi ya kuchoma. Alikumbuka alivyomgawia muuaji na muuaji akamshukuru, na kwamba muuaji wa kweli ndiye aliyekuwa akigawa. Alikuwa hawezi kusikia jina lake likiitwa ukumbini bila kuhisi kwamba mwitaji amejua. Watu walimsalimia kwa heshima ileile, Daktari huku na Daktari kule, na heshima ile ilimchoma kuliko matusi.

Hata hivyo aligundua kwamba sasa anaweza kufikiri. Aliichapisha grafu upya, akaongeza miezi iliyopita tangu hapo, na uhakika aliouulizwa ukapatikana. Kisha akaingia kwa Bi Mshangama kusema mambo mawili: kwamba grafu lazima iende kwa mamlaka ya barabara, na kwamba Onesmo Mligo ameomba arudishiwe wimbi lake la siku ya Ilula, nalo lipo kwenye hifadhi ya dengu yake, linaweza kuachiwa.

Bi Mshangama hakuwa mtu katili, na hilo lilifanya mazungumzo kuwa magumu. Alivua miwani, akamkumbusha Sekela juu ya Tumsifu chooni. Alimwuliza ni daktari gani anayemchukua mtu mzima, mwenye usingizi mzuri na moyo uliotulia, akamtia jeraha kwa makusudi. Na hayo malori yakisimama, ukumbi ukifungwa, watu wa viti sitini na familia zao wataponaje? Swali la kwanza Sekela aliwahi kujiuliza yeye mwenyewe. Kumponya mtu bila ridhaa yake ni kosa; lakini kumwumiza kwa ridhaa yake ni nini? Kama Onesmo angevunjika, angevunjwa na mkono uleule uliomfanya afike hapo.

"Ni chake," alisema mwishowe. Hakupata neno bora kuliko la Onesmo mwenyewe.

"Ukifanya hivyo, hufanyi ukiwa mwajiriwa wangu," Bi Mshangama akasema.

Sekela akaweka barua mezani. Alikuwa ameiandika asubuhi.

*

Kazi hiyo waliifanyia nyumbani kwa Onesmo, Jumamosi asubuhi. Sekela alimwomba Jeni aje, naye akaja, akamwacha mtoto kwa dada yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na alikaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni katika nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe.

Sekela alieleza kila kitu mara mbili. Dengu ya Onesmo ilikuwa na mawimbi zaidi ya mia mbili; ataachia moja tu, la siku ile, na baada ya hapo dengu itazimwa. Likishaachiwa halitaweza kuzuiwa tena. Litakuja kama jipya. Yeye mwenyewe atakuwa nao mchana kutwa, na kesho, na kila siku kwa muda wote watakaotaka, na hatawaomba wamsamehe akiwa anawasaidia, maana hivyo ni vitu viwili. Onesmo akaitika kwa kila neno, akatia sahihi. Sekela akagusa kishikwambi.

Dakika mbili za mwanzo Onesmo alizungumza juu ya bati la jikoni linalovuja. Kisha akaomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa wazi. Akaanza kuangalia mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Alinyanyua ndoo," alisema.

Jeni akamgeukia.

"Alikuwa ameliona lori. Alikuwa na muda wa kuruka. Badala ya kuruka akainyanyua ndoo juu, nyanya zisimwagike. Jeni, aliinyanyua juu hivi." Akanyanyua mikono yote miwili kuonyesha, na haikushuka. Alibaki ameinyanyua, uso wake ukaanza kufunguka kama kitu kinachopasuka taratibu, na ikamtoka sauti ambayo Sekela hakuwahi kuisikia ukumbini kwa miaka yote ile. Jeni alivuka chumba akamshusha mikono, mmoja baada ya mwingine, akamlaza kichwa kifuani kwake, akamshika hivyo. Alikuwa analia naye. Na katika kulia kule, Sekela aliona, hakuwa anamwogopa tena.

Ilichukua saa nzima Onesmo apate pumzi ya kuuliza swali. Aliuliza bila kunyanyua kichwa.

"Na wewe, Daktari, ulijua? Kuhusu mguu?"

Angeweza kusema alishuku. Angeweza kusema takwimu zilikuwa changa. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, yamenyooshwa na kukunjwa vizuri.

"Nilijua," alisema. "Miezi minane kabla."

Onesmo hakumtukana, na Sekela alikuwa amejiandaa kutukanwa. Jeni ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba Daktari angoje nje. Akangoja nje, juani, karibu na kamba ya nguo, mpaka adhuhuri ikapita. Hakuitwa ndani siku ile. Kesho yake alirudi kama alivyoahidi, akafunguliwa mlango, na ikawa hivyo kwa wiki kadhaa: hakupewa chai, hakufukuzwa. Onesmo alilala vibaya, akakonda, akamshika mtoto wake. Hakurudi tena kwenye usukani.

Grafu ilifika kwa mamlaka ya barabara kwa mkono wa Sekela mwenyewe. Malori ya Pembenne yalisimamishwa kwanza, kisha yakaruhusiwa kwa mwendo wa polepole, na madereva wakapewa uchaguzi wa kutoa dengu au kuacha kazi. Baadhi walimshukuru Sekela. Tumsifu alimkuta sokoni, akamwambia kwamba tangu atolewe dengu basi la Kitonga linaungua kila akifumba macho, na akamwuliza anajisikiaje sasa, ameridhika? Sekela alisema hajaridhika. Alimwomba ruhusa ya kuwa anakuja kuzungumza naye, bure, kwa njia zile za zamani zinazokwenda polepole. Tumsifu akamwambia aje Alhamisi.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao alikuwa hajaubisha. Kila wiki alijipa sababu ya kungoja. Mara ripoti ya mamlaka itoke kwanza, mara msimu wa mavuno upite. Alizijua sababu hizo zilivyo. Hakuwa na dengu ya kumlaza tena, na hata hivyo alikuwa anajifunza kujilaza mwenyewe. Siku alipotambua hivyo alipanda basi la asubuhi kwenda Ilula.

*

Skolastika alikuwa ametoka shule, amevaa bado viatu vyake vya kazi. Alimtambua Sekela, akamkaribisha bila kutabasamu. Mzee Kalinga alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anafuma upya tenga la nyanya lililokatika pembeni. Nyuma ya ua wa mabua, majirani wanne au watano walikuwa wanachambua vitunguu na kupiga soga.

Waliletewa viti. Sekela akakaa karibu na mzee, upande wake wa kushoto, akainamisha kichwa. Alikuwa amekariri maneno njia nzima kutoka Makambako na sasa yalimtoka kwa mnong'ono, moja moja. Alisema yeye ndiye aliyetengeneza kile kitu walichowekewa madereva. Kwamba kiliwaondolea woga, na woga ndio ungemfanya Onesmo apunguze mwendo pale kibandani. Kwamba alikuwa ameliona hilo kwenye kazi yake miezi minane kabla, akiwa na jina la Ilula mbele ya macho yake, akanyamaza kwa kuambiwa anyamaze. Kwamba siku ya mazishi alibeba aibu yake mpaka Ifunda tu. Kwamba hakuja kuomba chochote.

Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa gauni lake. Alijiona mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, akaona haya kwa wepesi ule. Mzee Kalinga aliendelea kupitisha ufito kwenye tenga, anavuta, anakaza. Hakumtazama. Sekela aliuchukua ukimya ule kuwa jibu, akaona unamtosha, akaanza kushika mkoba wake.

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa, ila sauti yake ilikuwa ya mwalimu.

"Baba hasikii sikio hilo," alisema. "Hajasikia hata neno moja. Zunguka ukae upande huu, useme tena yote. Na useme kwa nguvu."

Sekela alitazama ua wa mabua. Upande wa pili soga zilikuwa zimepungua. Aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka upande wa kulia wa mzee. Mzee Kalinga akaweka tenga chini, akamgeuzia uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio, na akangoja.

"Mzee," Sekela akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, "nilijua."